Waliyemkatia Njia Angali Hai

Jitu langu halikuwa na uso. Ndivyo nilivyoliandika, na ndivyo watu wa Iseyin walivyoliogopa, hadi alipotokea Kolapo kutoka Lagos na miwani yake myeusi anayoivaa hata ndani ya nyumba, akaamua kulitafutia uso.

Sisemi kwamba sikufurahi. Mwandishi gani atakataa hadithi yake iwe filamu? Nimefundisha shule maisha yangu yote, nikaandika vitabu vyangu kwa Kiyoruba jioni baada ya kusahihisha kazi za watoto wa watu, na waliovisoma wengi waliviazima, tena hawakuvirudisha. Kolapo aliposema anataka kile cha Ajagbe, mwindaji aliyeingia katika msitu ambao miti yake huhama, nilimpikia amala, ugali wetu mweusi, kwa mkono wangu. Nilimwomba jambo moja tu, akiwa bado analamba vidole.

"Sura ya mwisho usiiguse."

"Ipi hiyo, Mama Mwandishi?"

"Ya kumkatia marehemu njia. Ajagbe akishakufa, wawindaji wenzake wanapeleka vitu vyake porini na kumwambia asiwafuate tena. Hiyo iache ilivyo kitabuni."

"Wewe sema tu, Mama. Neno lako ni amri."

Kijana yule ulimi wake ulikuwa asali tupu. Na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikaramba.

Basi wakaja na magari na taa na vijana wao wenye kaptura, wakapiga kambi kando ya msitu nje ya mji. Aliyechaguliwa kuwa Ajagbe ni mdogo wangu Odetayo, kitinda mimba wetu. Odetayo ni mwindaji kwa ukoo na mwigizaji kwa kichaa chake mwenyewe. Alikuwa amezunguka na vikundi vya maigizo tangu ujana, na katika filamu walikuwa wakimpa kazi moja tu, ya mlinzi wa geti. Anafungua, anasema "Karibu, Bosi," anafunga, basi. Sasa amepewa kuwa mwindaji mkuu. Alikuja kuniambia huku anacheza uani kwangu, akaangusha ndoo yangu ya maji, nami sikumgombeza.

Siku ya kulipiga jitu picha nilikwenda na jirani yangu Labake, muuza nyanya na pilipili. Labake hajui kusoma. Kitabu chote nilimsomea barazani, na usiku ule tuliofika kwenye jitu alikataa kurudi kwake, na kwake na kwangu ni ukuta mmoja tu. Nilimsindikiza kama mtoto. Kwa hiyo siku ile alikuwa amejifunga khanga mbili kiunoni, tayari kwa kukimbia.

Jitu likatoka nyuma ya mti. Lilikuwa limetengenezwa kwa godoro. Wamelikata, wamelipaka rangi nyeusi, wamelibandika meno, na ndani yake mtu anahema, anaomba maji.

Labake alilitazama kwa muda. Kisha akanigeukia.

"Ibidunni, hilo ndilo lililoninyima usingizi? Wallahi hilo mimi nalilalia!"

Kambi nzima ikaangua kicheko, hadi jitu lenyewe likacheka, tumbo la godoro likitikisika. Kolapo alivua miwani kwa mara ya kwanza. Alirudi Lagos, wakajaribu kulichora kwa kompyuta, akaniletea kwenye simu yake. Nilimwambia ukweli, linafanana na kiazi kikuu kilichochemshwa kikapasuka. Aliketi barazani kwangu ameshika kichwa.

"Mama, kitabu chako kinanitesa. Nikikisoma naogopa. Nikikipiga picha nacheka."

"Kitabuni mimi sikuliumba jitu," nikamwambia. "Nilisema tu halina uso, nikanyamaza. Kila msomaji akaliumba mwenyewe kwa hofu zake. Wewe unawapa watu wote hofu ya mtu mmoja, tena ya fundi wa magodoro."

"Kwa hiyo haiwezekani?"

"Sijui. Mimi ni mwalimu mstaafu."

Akatazama barabarani. Wakati ule walikuwa wakipita wawindaji watatu wa mjini, na magobore yao begani, na mashati yao ya kuwindia yaliyojaa hirizi na damu iliyokauka, wanaimba kwa sauti za kifua kama wafanyavyo wakitoka porini. Watu barabarani waliwapisha bila kuambiwa. Nilimwona Kolapo anavyowatazama. Nilitambua hapo hapo kwamba amepata alichokuwa akikitafuta. Cha kubuni kimemshinda, sasa anataka cha kweli.

Sura ile ya mwisho kitabuni ni fupi. Baba yangu alikuwa mwindaji, na maneno yale niliyasikia nikiwa mdogo, nimejificha mahali ambapo mtoto wa kike hakutakiwa kuwa. Nilipofika kuyaandika kalamu ilikataa. Nikaandika tu, "Wakamwambia yale ambayo wawindaji huambiana, kisha wakarudi mjini bila kugeuka." Msomaji anapita pale, anaongeza ukimya wake, anaendelea. Lakini filamu haina pa kuruka. Kamera ikimtazama mtu, lazima mdomo wake useme kitu.

Hakuna aliyenialika siku walipopiga tukio lile. Labake ndiye aliyekuja mbio, kikapu kichwani.

"Ibidunni! Wamemchukua Baba Ogundiran na chama chote cha wawindaji. Wanapiga ile uliyomkataza!"

Nilifika nimelowa jasho, na hasira imenijaa hadi shingoni. Ogundiran ndiye mwimbaji wa wawindaji wa Iseyin, mtu mwenye sauti inayoweza kumsimamisha mbuzi njiani. Nilimwendea yeye kwanza, maana Kolapo sikutaka hata kumtazama.

"Baba, na wewe pia?"

"Binti yangu, tulia," akasema. "Vitu tulivyoweka pale vimenunuliwa sokoni, si vya mtu. Jina tunaloliita ni la Ajagbe wa kitabu chako, si la mtu. Hata watoto hucheza mazishi. Pasipo vitu vya mtu na jina la mtu, hakuna anayekatiwa njia."

Nikatazama. Kwenye njia panda walikuwa wameegemeza gobore la plastiki, na shati jipya lenye mikunjo ya dukani, na chakula kwenye sahani ya udongo. Nyuma ya mti alisimama Odetayo, amepakwa chokaa mwili mzima. Kolapo alitaka mzimu wa Ajagbe uonekane ukitazama unavyoagwa. Kitabuni sikuweka mzimu wowote pale. Lakini ni sawa, ukishauza ng'ombe huulizi maziwa.

Wakapiga mara ya kwanza. Wakapiga tena. Kolapo akarusha kofia yake chini.

"Uongo! Naona uongo mtupu! Lile gobore ni la kuchezea, hata kipofu atajua!"

Hapo ndipo mdogo wangu, mpumbavu wangu mpendwa, alipotoka nyuma ya mti.

"Bosi, nyumbani kuna vitu vya baba. Gobore, shati, mkoba, kibuyu cha baruti. Ndivyo ninavyowindia mimi. Nipe muda kidogo."

"Odetayo!" Nilipiga kelele hadi ndege wakaruka. "Ukivileta vitu vile hapa, usikanyage kwangu tena!"

Alicheka, meno meupe katikati ya chokaa. "Dada, mimi nimekufa jukwaani mara ngapi? Nimenyongwa, nimelishwa sumu, nimegongwa na lori la mihogo. Na jioni nakuja kula kwako."

"Vilikuwa vitu vya nani siku hizo?"

"Jina litakuwa la Ajagbe, Dada. Baba Ogundiran amesema mwenyewe. Si ndiyo, Baba?"

Ogundiran alisita. Nilimwona anasita. Alimtazama Odetayo, akawatazama wenzake, akatazama kamera, na nadhani aliona aibu kurudi nyuma mbele ya vijana wa Lagos. "Jina litalinda," akasema hatimaye. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, walisema waliotutangulia, na mimi nilisema hivyo pale pale kwa sauti, nikaambiwa nisogee, nimeingia kwenye picha.

Vitu vya baba vikaja. Vikaegemezwa kwenye njia panda. Shati lile lina kiraka mgongoni alichokishona mama yangu, na nilipokiona nilitaka kulia.

Ogundiran akaanza. Siwezi kuwaambia uzuri wa sauti ile. Vijana wenye kaptura waliacha kutafuna. Aliiita miti, akawaita wanyama, akakiita chuma, akafika mahali pa kumwita marehemu. Na sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo yote yalipoharibikia. Mwimbaji wa wawindaji haimbi kilichoandikwa. Anaimba anachokiona. Akimwona tembo anamsifu tembo, akiona mtu anasifu ukoo wa mtu huyo, tangu babu hadi mjukuu, bila kufikiri, kama wewe unavyovuta pumzi. Miaka mingi alikuwa ameimba mbele ya gobore lile. Alimzika mwenye shati lile. Alifumbua mdomo kumwita Ajagbe, na macho yake yako kwenye kiraka cha mama yangu.

"Mwana wa waliolala porini chui akawapisha! Mjukuu wa wasiompa nyati mgongo! Wa mwisho kutoka tumboni, wa kwanza kushika gobore!"

Huyo si Ajagbe. Huyo ni Odetayo. Hizo ni sifa za nyumba yetu, na aliyezaliwa mwisho kwetu ni mmoja tu.

Sisi watu wa huku, ukisifiwa kwa majina ya ukoo wako, unaitika. Hata mtoto mchanga hugeuza kichwa. Nilimtazama Odetayo nyuma ya mti, nikasubiri aitike. Aliitwa mara ya kwanza, akanyamaza. Ya pili, akanyamaza, machozi yakichora mistari kwenye chokaa. Ya tatu, kimya. Alikuwa mwigizaji mzuri kupita kiasi. Mzimu hauitiki, na yeye aliambiwa awe mzimu.

"Njia yako ile, yetu hii," akaimba Ogundiran, na wawindaji wote wakapokea. "Ukisikia mluzi wetu, usije. Ukiuona moto wetu, usiote. Tumegawana."

Wakageuka wakaondoka bila kutazama nyuma. Kolapo alikuwa amepiga magoti kwa furaha. Watu wake walipiga makofi, wakamnyanyua Odetayo juu. Wawindaji hawakurudi kuchukua malipo yao siku ile, na nilipomtafuta Ogundiran nilimkuta ameketi nyuma ya gari, uso umemkauka.

"Mdomo ulifuata macho," akaniambia.

Kesho yake chama cha wawindaji kilikutana kama kawaida. Odetayo alikwenda. Sahani ya kola, zile kokwa chungu ambazo wenzi hutafuna pamoja, ikazunguka, kila mtu akachukua kokwa yake, ikafika kwa Odetayo, ikamruka. Akasalimu, hakuna aliyejibu. Akatania, hakuna aliyecheka. Alikuja kunisimulia mwenyewe.

"Wamenuna, Dada. Wananionea wivu kwa sababu uso wangu ndio utakaobandikwa kwenye mabango. Waache, nitawapelekea pombe ya mchikichi, watalainika."

Siku chache baadaye Ogundiran aliingia kwangu kwa mlango wa jikoni, akichungulia kwanza kama Odetayo yupo.

"Nisamehe, binti yangu. Wenzangu hawana roho mbaya. Aliyekatiwa njia akikuita, huitiki. Ukiitika, umeifuata njia yake. Ndiyo sheria, na sisi hatukuitunga."

"Lakini yu hai, Baba! Jana alikula hapa bakuli zima!"

"Najua yu hai. Ndiyo maana naweza kumrudisha. Nitamwita tena pale njia panda kwa majina yale yale, yeye ataitika, yameisha." Akashusha sauti. "Ila sauti yangu ya siku ile ifutwe kwanza. Yote. Imo ndani ya mashine yao. Siwezi kumwita arudi kwa mdomo mmoja wakati mdomo mwingine unamfukuza. Wakiionyesha ukumbini, nitakuwa namfukuza. Wakiionyesha Ibadan, namfukuza. Kitabu chako hakina sauti, Ibidunni. Kile kitu chao hakitanyamaza hata nikifa mimi."

Nikampigia Kolapo. Nilibembeleza, mimi, niliyewahi kumtandika mkaguzi wa shule kwa ulimi hadi akaomba maji.

"Mama, haiwezekani," akasema. "Jitu nimelitoa kabisa. Msitu unaohama nimeutoa. Filamu yote imesimama juu ya wimbo ule. Walioiona hapa Lagos wamelia, na hawajui hata neno moja la wawindaji."

"Basi weka sauti nyingine juu yake."

"Sauti ile haipatikani mara mbili. Na wewe Mama, samahani, unaamini mambo haya? Wewe uliyeandika miti inayotembea?"

"Miti niliitunga, Kolapo. Ukoo wangu sikuutunga."

Alisema mtandao unasumbua. Simu ikakatika.

Nikabaki na Odetayo. Kama angekataa mwenyewe, kama angekwenda Lagos akalala mlangoni kwa Kolapo, labda. Nilimketisha barazani, nikamweleza yote aliyosema Ogundiran. Alinisikiliza akikwangua kucha.

"Dada, unaniomba nijifute."

"Nakuomba uishi."

"Nimekuwa mlinzi wa geti mpaka watoto wangu wakicheza nyumbani wananiambia, 'Baba, wewe fungua mlango.' Filamu hii ndiyo mahali pekee ambapo nimewahi kuonekana. Mahali pekee! Na wewe, ambaye kitabu ni chako, ndiye unayetaka nitolewe?" Akasimama. "Baba Ogundiran amezeeka, amekosea, anatafuta pa kufichia aibu yake."

Nilimwonea huruma na nilitaka kumzaba kofi, vyote kwa pamoja. Sikio la kufa halisikii dawa. Nilimfungia chakula cha watoto, akaenda.

Kuanzia hapo mambo yakaja polepole. Alikwenda kuwinda peke yake, akamwona swala karibu kabisa, akapiga. Gobore likalia, moshi ukatoka, na swala akaendelea kula majani. Hakunyanyua hata sikio. Alinisimulia akicheka, akafika katikati ya kicheko akaacha. Mbwa wake wakaanza kulala njiani, yeye anawaruka. Kisha mkewe, Asabi, akaja kwangu na mtoto mgongoni.

"Wifi, Baba watoto nikimwita haamki. Namwita jina lake sikioni, wapi. Mpaka nimtikise. Na mchana pia. Namwita jikoni, haji. Nikimgusa anashtuka, ananiuliza mbona sikumwita."

"Mpeleke hospitali akapimwe masikio."

"Nimempeleka. Wanasema masikio mazima." Akaanza kulia. "Jina lake tu, Wifi. Jina lake tu ndilo halisikii."

Kolapo alikuwa ameahidi kwamba filamu itaonyeshwa Iseyin kabla ya popote, na ahadi hiyo, ole wetu, aliitimiza. Ukumbi wa mji ulijaa hadi madirishani. Odetayo alivaa agbada mpya, joho pana la kitambaa cha kwetu, akaketi kati yangu na Asabi kama bwana harusi.

Nitasema haki, ilikuwa nzuri. Haikuwa kitabu changu. Miti haikuhama, jitu halikutokea, Ajagbe wangu mcheshi amekuwa mtu wa kununa. Lakini watu hawakukohoa hata. Na tukio la mwisho lilipoanza, njia panda, shati, kiraka, nilimshika mdogo wangu mkono.

"Odetayo, akikuita, itika. Sema naam tu. Nakuomba kwa jina la mama."

Sauti ya Ogundiran ikajaa ukumbini. Mwana wa waliolala porini chui akawapisha! Odetayo alikuwa akijitazama kwenye pazia, yule wa chokaa, mdomo wazi kidogo. Nikamfinya. Ikaja ya pili. Nikamfinya hadi kucha zikazama. "Itika! Itika, wewe!" Nikamwita jina lake sikioni, jina alilopewa siku ya saba ya kuzaliwa kwake, na mimi ndiye niliyekuwa nimembeba siku ile. Hakugeuka. Hapo ndipo nilipojua kwamba si ukaidi. Hakuwa anasikia. Ikapita ya tatu.

Nikasimama. "Yuko hapa!" nikapiga kelele. "Yu hai, yuko hapa pembeni yangu!"

"Mama, kaa chini, unatuziba!" akasema mtu nyuma.

Wachache waligeuka wakatazama kiti cha Odetayo, kisha wakarudisha macho yao mbele kana kwamba wameona kiti kitupu. Na wanawake wa Iseyin, wanaozijua sifa za kila ukoo na wanaojua wimbo ule huimbwa lini, wakaanza kulia. Hawakulia kilio cha filamu. Walilia kilio cha msibani, kile cha kushika kichwa. Walielewa jambo moja tu: Odetayo wa nyumba ile amekufa, na hii ndiyo picha yake ya mwisho. Taa zilipowashwa walimjia Asabi mmoja mmoja, wakamkumbatia, wakampa pole. "Mungu akupe subira, mwanangu." Odetayo alikuwa amesimama pale pale, akitabasamu, akisubiri kupongezwa. Na Asabi, macho mekundu, akitazama chini, akajibu, "Amina."

Kolapo alikuwa mlangoni akipokea mikono. "Umeona, Mama? Wameamini!"

Nikampita, nikatoka. Kama ningefumbua mdomo ningemng'ata.

Kesho yake walifunga turubai nyumbani kwa Odetayo. Masufuria ya wali yakaja, ndugu wa Asabi wakaja, viti vya kukodi vikaja. Odetayo aliketi kwenye benchi katikati yao, na mtu akitaka kupita anapitisha sinia juu ya kichwa chake. Niliwafukuza. Nilimwaga maji chini, nikawatukana, nikamshika mdogo wangu mkono nikauinua juu wauone. Walinishika mabega kwa upole. "Pole, Mwalimu. Msiba umemzidi," wakaambiana. Mmoja aliniletea kiti.

Sikwenda tena. Nilijifungia ndani, na Labake peke yake ndiye aliyekuwa akija kukaa nami mchana, akichambua pilipili zake sebuleni bila kusema mengi. Na kwa Labake kutosema mengi ni ugonjwa.

Ilikuwa saa ya jua kali, mtaa umelala. Tukasikia geti linagongwa.

"Dada."

Labake aliacha kuchambua.

"Dada Ibidunni. Ni mimi. Nimegonga nyumba zote, hakuna anayefungua. Asabi amefunga pia. Dada?"

Labake alinishika mkono, vidole vyake vikiwasha kwa pilipili. "Usiitike," akaninong'oneza. "Ibidunni, wallahi, nakuomba kwa ujirani wetu wote, usiitike. Wewe unaijua sheria. Uliiandika mwenyewe."

"Sikuiandika. Niliiruka."

"Ataondoka. Atachoka ataondoka."

"Dada, nina njaa," ikasema sauti nje, na ilikuwa sauti ya mtoto kabisa, ile aliyokuwa akinililia nayo mama alipokwenda sokoni akatuacha wawili.

Nikautoa mkono wa Labake.

"Naam!" nikaitika, kwa sauti ya darasani, ili mtaa wote usikie. "Naam, mdogo wangu! Nakuja!"

Labake alitoka kwa mlango wa jikoni, akaacha kikapu chake. Mimi nikamfungulia Odetayo, nikamwosha miguu, nikamsongea amala na mchuzi wa bamia, akala mpaka akalamba bakuli, akalala kwenye mkeka sebuleni. Nilikaa nikimtazama akivuta pumzi. Alikuwa anavuta vizuri.

Asubuhi niliona kikapu cha Labake bado kipo, nikakipeleka sokoni. Alikuwa mahali pake pa siku zote, anapanga nyanya.

"Labake, kikapu chako hiki. Umeamkaje?"

Akachukua nyanya, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaiweka juu ya nyingine. Nikasalimu tena, kwa sauti kubwa zaidi. Mteja aliyekuwa nyuma yangu akanyoosha mkono juu ya bega langu, akauliza bei, na Labake akamjibu.